Shahada ya Midia ya Kidijitali: Kagua Masomo Kabla ya Kuchagua Jina la Kozi

Msimu wa maombi ya vyuo vikuu ukifika, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na ambaye amekuwa akihariri video kwa simu huwa na jibu tayari: anataka kusomea midia ya kidijitali. Mzazi naye huwa na swali lake. Hiyo ni kazi gani, na kwa nini alipe karo ya miaka minne ili mtoto afunzwe jambo ambalo tayari anajua kulifanya? Swali la mzazi ni la haki. Jibu lake linategemea masomo yaliyo ndani ya kozi ambayo kijana ameichagua, kwa sababu katika taaluma hii jina la shahada halielezi mengi kuhusu kinachofundishwa.

Makala haya yanaeleza kozi yenyewe, njia za kuingia, gharama na ufadhili, pamoja na mambo ambayo familia inafaa kuyakagua kabla ya kutuma maombi.

Majina mengi, masomo yanayokaribiana

Midia anuwai ni kazi inayounganisha maandishi, picha, sauti, video na michoro inayotembea ili ujumbe mmoja umfikie mtu kupitia skrini. Tangazo la chanjo linaloonekana kwenye simu, lenye sauti ya muuguzi, ramani ya zahanati na maandishi ya chini kwa wasiosikia, ni kazi ya midia anuwai. Vivyo hivyo mchezo wa simu, tovuti ya shule na katuni ya kufundishia hesabu.

Nchini Kenya masomo haya hayapatikani chini ya jina moja. Baadhi ya vyuo huyaweka ndani ya shahada ya uanahabari, vingine ndani ya filamu, usanifu wa michoro au teknolojia ya habari. USIU-Africa, kwa mfano, ina shahada ya uhuishaji, yaani utengenezaji wa katuni na michoro inayotembea, na nyingine ya utayarishaji na uelekezaji wa filamu. Kila moja inajitegemea.

Hata jina la chuo linaweza kupotosha. Chuo Kikuu cha Multimedia cha Kenya, kilicho kando ya Barabara ya Magadi jijini Nairobi, kilianza mwaka wa 1948 kama shule ya kuwafunza wafanyakazi wa posta na simu, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Kinafundisha midia na mawasiliano, lakini pia kinafundisha uhandisi, kompyuta na biashara. Mwanafunzi anaweza kuhitimu huko akiwa mhandisi wa mawasiliano ya simu bila kuwahi kushika kamera.

Njia ya uhakika ni kuomba orodha ya masomo ya kila muhula. Vyuo vingi huiweka kwenye tovuti, na idara husika inaweza kuulizwa kwa barua pepe au kwa simu. Ukiona masomo mengi ya uandishi wa habari, nadharia za mawasiliano na mahusiano mema, hiyo ni kozi ya uanahabari iliyoongezewa vifaa vya kidijitali. Ukiona uchoraji, rangi, mwanga, kamera na uhuishaji, ni kozi ya usanifu au filamu. Na ukiona lugha za kompyuta, hifadhidata na mitandao, ni kozi ya kompyuta yenye sehemu ya midia. Zote tatu ni kozi nzuri. Shida hutokea kijana anayependa kuchora anapojikuta katika ya tatu, au anayependa kuandika programu anapojikuta katika ya kwanza, na hilo aligundue akiwa mwaka wa pili baada ya familia kuuza ng'ombe.

Ni nini kinachofundishwa ambacho simu haifundishi?

Chukua mfano wa rangi. Bango lililong'aa kwenye skrini mara nyingi hutoka limefifia likichapishwa. Sababu ni kwamba skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na samawati, ilhali mashine ya kuchapisha hutumia wino, na wino hauwezi kutoa kila rangi ambayo mwanga unaweza kutoa. Aliyefunzwa hubadilisha faili na kulijaribu kabla ya kulipeleka kwa mchapishaji. Asiyejua huchapisha mara mbili, na kulipa mara mbili.

Chukua tena video. Matangazo ya televisheni nchini hutumia picha 25 kwa kila sekunde, kwa hivyo dakika moja ya katuni ni picha 1,500. Hata mchoraji akitumia kila mchoro kwa picha mbili mfululizo, bado anahitaji michoro 750 kwa dakika hiyo moja. Ndiyo maana mwanafunzi wa uhuishaji hufundishwa kuandaa hadithi kwa michoro midogo kwanza, aikate na kuipanga kwenye karatasi, kabla ya kugusa kompyuta. Kosa lililoonekana kwenye karatasi hufutwa kwa raba. Lililoonekana baada ya michoro 700 hula wiki nzima.

Hesabu pia haikwepeki. Picha moja ya kiwango cha HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Kila nukta ikihifadhiwa kwa baiti tatu, picha hiyo moja ni takriban megabaiti 6. Zidisha kwa 25, kisha kwa sekunde 60, nawe utapata kwamba dakika moja ya video ambayo haijabanwa inapita gigabaiti 9. Hakuna mkazi wa kaunti hii atakayenunua bando la kutazama tangazo la ukubwa huo. Kwa hivyo kuna somo zima kuhusu kubana video: ni habari gani inaweza kuondolewa bila jicho kugundua, na faili liwe la ukubwa gani ili lifunguke mahali ambapo mtandao ni hafifu. Kijana aliyebonyeza kitufe cha programu ya simu amefanya kazi hiyo bila kujua ilivyofanyika. Siku kitufe hicho kikikosa kufaa, hana la kufanya.

Sauti ndiyo hupuuzwa zaidi, na huenda ndiyo inayomtofautisha mtaalamu na mpenzi wa kamera. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo lakini huiacha video ambayo maneno hayasikiki. Kozi nzuri huwa na studio ya sauti inayofanya kazi, pamoja na mwalimu anayewatuma wanafunzi kurekodi sokoni na ufuoni, kwenye upepo, badala ya chumba kitulivu pekee.

Miaka ya baadaye huwa na mafunzo kazini, sheria na maadili ya kazi, na mradi mkubwa wa kuhitimu. Mradi huo ndio mwanafunzi huuonyesha anapotafuta kazi, kwa maana katika fani hii mwajiri huuliza kwanza kazi ulizofanya, kisha cheti.

Jambo moja zaidi la kuuliza kuhusu masomo ni kama kozi imejengwa juu ya programu moja ya kompyuta au juu ya kanuni. Programu za akili unde sasa hutoa picha, sauti na hata video kutokana na maelezo ya maandishi. Kozi inayofundisha vitufe vya programu moja itakuwa imepitwa na wakati kabla ya mwanafunzi kuvaa joho. Inayofundisha kusimulia, kupanga mwanga, kusikiliza mteja na kuthibitisha kama picha ni ya kweli itadumu zaidi.

Njia za kuingia

Anayetaka shahada ya kwanza kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, anahitaji gredi ya wastani ya C+ katika KCSE. Gredi hiyo ni mlango tu. Kila kozi ina masomo manne yanayotumika kukokotoa alama za ushindani, na baadhi ya kozi huweka kiwango cha chini katika somo fulani, kwa mfano Kiingereza au Kiswahili kwa kozi za mawasiliano na Hisabati kwa kozi za kompyuta.

Hapa ndipo wengi hukosa nafasi. Filamu, uhuishaji na michoro huwekwa katika kundi moja na masomo ya jamii na uanahabari, ilhali kompyuta na teknolojia ya habari huwa katika kundi jingine. Mwanafunzi mmoja anaweza kuwa na alama za kutosha katika kundi moja na akapungukiwa katika lile jingine. Aliyeanguka Hisabati lakini akang'aa katika lugha asijifungie mlango kwa kudhani kwamba midia ya kidijitali ni kompyuta tu. Tovuti ya KUCCPS huonyesha alama za mwisho zilizokubaliwa miaka iliyotangulia kwa kila kozi na kila chuo, na ni vyema kuzilinganisha na za mwanafunzi kabla ya kupanga chaguo.

Mtihani wa mwisho wa KCSE utafanywa mwaka wa 2027. Wazazi wenye watoto katika mtaala mpya wana uamuzi mapema zaidi, kwani mwanafunzi huchagua mkondo anapoingia Gredi ya 10. Mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo una sanaa za kuchora, muziki, na maigizo na filamu. Mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, una masomo ya kompyuta na pia teknolojia ya midia. Si kila shule ya sekondari ya juu inafundisha masomo yote haya, basi ulizeni shule kabla ya kujaza fomu.

Kozi imeidhinishwa?

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ndiyo huidhinisha kozi za shahada chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012, na huchapisha orodha ya kozi zilizoidhinishwa kwenye tovuti yake. Chuo kuwa na hati ya kuendesha shughuli hakumaanishi kwamba kila kozi yake imepitishwa. Tafuta jina kamili la kozi, neno kwa neno. Ikiwa halipo, uliza chuo kitoe barua ya idhini, na usilipe chochote kabla ya kuiona. Tahadhari hii inawahusu zaidi wanaojiandikisha moja kwa moja chuoni bila kupitia KUCCPS.

Anayeweza kufika chuoni afike, na aombe kuonyeshwa maabara. Maswali matatu yanatosha: kompyuta ni ngapi na wanafunzi ni wangapi, kamera hutolewa kwa zamu au kwa siku moja kabla ya mtihani, na maabara hufungwa saa ngapi. Chuo ambacho hakina majibu ya maswali haya kimejibu.

Gharama na ufadhili

Tangu mwaka wa 2023 ufadhili wa wanafunzi katika vyuo vikuu vya umma hutolewa kwa mfumo wa ufadhili wa masomo, mkopo na mchango wa familia, kulingana na uwezo wa familia. Mwanafunzi hutuma ombi mtandaoni kupitia tovuti ya hef.co.ke baada ya kupangiwa nafasi. Kupangiwa nafasi na kuomba fedha ni mambo mawili tofauti. Aliyepata nafasi na asiombe ufadhili atakuta bili yote ikimsubiri. Aliyepangiwa chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, lakini ufadhili wa serikali usiorejeshwa ni wa vyuo vya umma. Mkopo ni deni la mwanafunzi mwenyewe, hulipwa pamoja na riba baada ya kuhitimu.

Wakazi wengi huuliza kwa nini kaunti isilipe karo ya chuo kikuu. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kitaifa jukumu la vyuo vikuu. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani, vituo vya ufundi wa nyumbani na malezi ya watoto. Kwa maswali kuhusu basari ya kaunti, mahali pa kuanzia ni afisi ya msimamizi wa wadi. Basari ya NG-CDF ni ya afisi ya eneobunge, na fomu zake hazipatikani wala kupokelewa katika afisi za kaunti. Kuchanganya milango hii miwili humpotezea mkazi nauli, na wakati mwingine tarehe ya mwisho ya maombi.

Gharama ambayo haimo kwenye barua ya kuitwa chuoni ni vifaa. Kuhariri video kunahitaji kipakatalishi chenye nguvu, cha RAM ya gigabaiti 16 ikiwezekana, na hifadhi ya nje ya kuweka nakala za kazi. Si lazima kiwe kipya. Kilichotumika na kukaguliwa na fundi anayeaminika kinaweza kumfikisha mwanafunzi hadi mwaka wa nne. Kwa upande wa programu, zile maarufu hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, lakini zipo za bure ambazo hata wataalamu hutumia: Blender kwa uhuishaji, GIMP na Krita kwa picha na uchoraji, Inkscape kwa nembo na mabango, Audacity kwa sauti, na toleo la bure la DaVinci Resolve kwa video. Mwanafunzi aanze na hizo. Programu iliyopakuliwa kwa njia ya wizi mara nyingi huja na virusi, na faili za mradi wa mwaka wa nne si mahali pa kucheza kamari.

Aliyekosa C+

Diploma inahitaji C- kupitia KUCCPS, na cheti cha ufundi D. Diploma hupatikana katika vyuo vya mafunzo ya kiufundi vilivyosajiliwa na mamlaka ya TVETA, na pia katika Taasisi ya Mawasiliano ya Kenya (KIMC) jijini Nairobi, ambayo imekuwa ikiwafunza watangazaji na mafundi wa studio tangu miaka ya 1960.

Katika jamii zetu diploma bado huonekana kama adhabu ya kukosa alama. Kwa fani hii mtazamo huo una hasara. Diploma ya vitendo katika chuo chenye studio inaweza kumpa kijana ujuzi zaidi kuliko shahada katika chuo ambacho wanafunzi arobaini wanangojea kamera moja. Vyuo vikuu kadhaa huwapokea wenye diploma nzuri na kuwaondolea baadhi ya masomo ya mwanzo. Uliza jambo hili kwa maandishi kabla ya kuanza diploma, kwa sababu kila chuo kina kanuni zake.

Sheria zinazomhusu mwenye kamera

Wanafunzi wengi huanza kupokea kazi ndogondogo wakiwa bado chuoni: harusi, mazishi, sherehe za shule. Wanahitaji kujua mambo kadhaa mapema. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inaihamisha hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kwenda kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Anayetaka kutumia picha zake tena aandikiane na mteja kabla ya kuanza kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda picha ya mtu kama data yake binafsi. Mwaka wa 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mpigapicha chipukizi anayeweka mtandaoni picha za watoto wa chekechea ili kujitangaza anacheza na moto huohuo. Droni nayo iko chini ya kanuni za mwaka wa 2020 za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), kwa hivyo asiinunue mtu kabla ya kuuliza usajili na leseni inayohitajika. Na anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni ajue kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo hayo kwa wakazi wa Kenya.

Kazi zilizopo

Vituo vya televisheni na magazeti ni sehemu ndogo tu ya soko hili. Mashirika ya misaada, hospitali, benki, vyuo, hoteli na kampuni za matangazo huhitaji watu wa michoro, video na tovuti. Serikali za kaunti pia: Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inazitaka kuwasiliana na wananchi na kuwapa habari, na bajeti iliyofafanuliwa kwa mchoro unaoeleweka huwafikia wakazi wengi kuliko kitabu cha kurasa mia tatu. Nafasi hizo hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, bila malipo yoyote kwa mwombaji.

Hata hivyo, ajira ya kudumu haimngojei kila anayehitimu. Wengi huanza kwa kujiajiri, na miaka ya kwanza huwa na miezi mikavu. Familia inayokopa kwa matumaini ya mshahara wa mwezi wa kwanza baada ya mahafali inafaa kulijua hilo mapema, na kijana anafaa kuuliza kama kozi yake ina somo la kuendesha biashara, kupanga bei na kuandika mikataba.

Mwanafunzi ambaye tayari amepangiwa kozi asiyoitaka anaweza kuomba uhamisho hadi kozi au chuo kingine kupitia tovuti ya KUCCPS wakati dirisha la uhamisho likiwa wazi, mradi alama zake zinafikia kiwango cha kozi anayoitaka na nafasi ipo. Dirisha hilo hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya matokeo ya upangaji. Asiye na intaneti anaweza kupata usaidizi katika kituo cha Huduma kilicho karibu. Abebe nambari yake ya mtihani wa KCSE na mwaka alioufanya, na nenosiri lake asimwachie mtu yeyote, hata anayemjazia fomu.